Mbili kwa Kucha, Moja kwa Kiganja

Vijana, juzi mliniona nimesimama nje ya kibanda chenu nikisikiliza, mkaniita ndani, mkanipa kiti na soda, na mmoja wenu akaniuliza kwa nini sehemu ya pili ya filamu ya kutisha haifui dafu mbele ya ile ya kwanza. Mlikuwa mnabishana tangu asubuhi. Nikasema nitajibu, nikamaliza soda, nikaondoka bila kujibu, kwa sababu mimi kukaa mahali kunanishinda. Leo nimekaa, na jibu nawaandikia.

Mimi ni mstaafu wa kazi yenu ya kutafsiri filamu. Msicheke. Nina miaka arobaini na kitu, lakini nilistaafu nikiwa na ishirini na miwili. Tangu hapo nimeuza vipuri vya pikipiki Uvira, nimepika chai Kigoma, nimepaka rangi nyumba za watu Bukavu, na katika kazi hizo zote hakuna hata moja ninayoiota usingizini. Ninayoiota ni ile ya kipaza sauti.

Wakati wetu hapakuwa na kompyuta ya kukata sauti hii na kubandika nyingine. Ukumbi wa Mzee Ramazani, pale Cibitoke, Bujumbura, kabla ya vita ulikuwa ghala la mahindi. Ulikuwa na televisheni moja, deki moja ya kaseti, jenereta iliyofungiwa uani isitumeze sauti, na mabenchi yasiyo na mahali pa kuegemea. Ramazani alikuwa fundi redio na filamu alizichukia zote. Aliketi mlangoni amezipa mgongo. Mtafsiri aliketi kando ya televisheni, akitazama pamoja na watu, na kila aliyefungua mdomo ndani ya kioo alimsemea kwa Kiswahili: bwana, bibi, mwizi, hata mbwa kama alikuwa na la kusema. Tulianza saa nane mchana na ilikuwa lazima tumalize kabla ya saa kumi na moja, kila mtu awahi kwake kabla ya saa ya kutotoka nje, ile tuliyoiita kuvrefe. Baada ya hapo aliyekutwa barabarani hakuulizwa jina.

Nitawapa ujuzi mmoja ambao inshallah hamtauhitaji. Mezani nilikuwa na kengele ya baiskeli. Filamu za siku hizo zilijaa risasi, na mji wetu pia. Bunduki ikilia, watu walikuwa wanaruka na kuuliza, "Ni ya humu ao ya inje?" Ikiwa ya filamu, nakaa kimya. Ikiwa ya nje, napiga kengele mara moja, Ramazani anafunga mlango, tunaendelea. Ikiwa ya nje na iko karibu, mara mbili, na kila mtu analala sakafuni, na mimi naendelea kutafsiri nikiwa chini ya meza, picha siioni. Siku moja niliwaozesha watu namna hiyo, nikawapa na watoto wawili, na nilipoinuka nikakuta bwana harusi na bibi harusi ni wanaume wawili wanakatana mapanga. Hakuna aliyelalamika. Watu walikuwa wanataka sauti tu, sauti ya mtu ambaye haogopi. Nami nilikuwa naogopa kuliko wote, lakini nilijifunza kuogopa kwa pua, mdomo ukabaki huru.

Hilo la mdomo alinifundisha mwalimu Deo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, shati jeupe siku zote, na Kifaransa chake kilikuwa cha vitabu hasa. Shule zilipoanza kufungwa mara kwa mara, akaja kwa Ramazani kutafsiri. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la tatu la sekondari na nilikuwa naosha vichwa vya deki kwa spiriti. Siku aliyoniachia kipaza sauti mara ya kwanza, nilimwona muuaji kabla watu hawajamwona, nikapiga kelele, "We dada, angalia nyuma yako." Deo akanifinya paja mpaka nikatoa machozi. Tulipofunga akanieleza taratibu.

"Issa, we ni wa pili. Picha ndiyo ya kwanza. Mutu akishaambiwa nyoka iko pale, ile haiko tena nyoka. Inakuwa habari."

Kisha akanionyesha kunyamaza. Jambo la kutisha likikaribia, usiseme kitu. Vuta pumzi tatu, ukizihesabu. Kitakachotokea kitokee kwenye pumzi ya nne. Nyinyi mnaojaza kila nafasi kwa maneno, lichukueni hilo, ni bure.

Sasa filamu yenyewe. Tulikuwa tunaiita Bibi Harusi. Jina lake halisi lilifutika kwenye kaseti. Mwanamke anakufa siku ya ndoa yake, anazikwa na shela, halafu anaanza kugonga milango ya watu waliokula kwenye karamu. Anayefungua anakufa. Uso wake huuoni hata mara moja, unaona shela na mkono. Deo ndiye aliyeitafsiri, na alikuwa anagonga meza kwa ngumi mara tatu, polepole. Mtu mmoja mzima, fundi wa magari, aliomba Ramazani amfungulie atoke na akakuta mlango haukufungwa. Tuliionyesha zaidi ya filamu nyingine yoyote. Watu walikuwa wanaipenda kwa sababu moja, nadhani: ile hofu ilikuwa na mwisho. Taa zinawaka, unajifuta jasho, unacheka mwenzako. Hofu iliyokuwa nje haikuwa na taa ya kuwasha.

Deo akapotea kabla sehemu ya pili haijafika. Mtaani ilisemwa kwamba amekimbilia Kongo. Ukweli ni kwamba kuna vijana walioliandika jina lake kwenye karatasi ya watu wa kuuawa. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa na wazazi wake na si wengine, na wakati ule hilo lilitosha pande zote. Baadhi ya vijana hao walikuwa wateja wetu. Walikuwa wanalipa kama watu wengine na wanakaa benchi la mbele.

Deo alikuwa mitaa mitatu tu kutoka pale, kwa mama yangu mdogo, Mwamini, mjane aliyekuwa anakaanga mandazi. Alilala katika chumba cha unga, nyuma ya magunia. Mlango wa uani ulikuwa wa bati, na namna ya kuugonga tuliijua watu watatu: mimi, mama mdogo, na shemeji yake Hamadi aliyekuwa anamletea unga kwa mkokoteni kutoka ghala moja la Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Unapiga mara mbili kwa kucha, unasubiri pumzi moja, halafu unapiga mara moja kwa kiganja, chini, karibu na bawaba. Mama mdogo anauliza kutoka ndani, "Ni we?" Hujibu kitu. Anafungua. Ukigonga vingine, Deo anaingia chini ya magunia matupu na mama mdogo anachelewa kidogo, akijifanya anafunga kanga.

Basi kaseti ya sehemu ya pili ikafika, nakala ya nakala, imeletwa na mfanyabiashara kutoka ng'ambo. Ramazani akaandika kwa chaki mlangoni. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni, na mimi peke yangu kwenye kipaza sauti.

Walicheka, vijana. Sehemu ya pili ilikuwa na kila kitu. Uso wa Bibi Harusi ulionyeshwa tangu mwanzo, una meno kama ya mamba. Mabibi harusi walikuwa wengi, pengine kumi, wanatambaa kwenye dari. Niligonga meza kwa ngumi mpaka ikapasuka, na mtu mmoja nyuma akasema, "Muache meza ya wenyewe, we." Walitupa maganda ya karanga. Waliondoka wakijadili bei ya sukari. Ramazani, ambaye hakuwahi kusema lolote kuhusu filamu, akaniambia kesho kutwa tunarudia, na kama watacheka tena nirudi kwenye spiriti yangu.

Nilikwenda kumweleza Deo. Tulikaa nyuma ya magunia, yeye anakula mandazi kwa tahadhari, makombo yasianguke, kama mtu anayekula msikitini. Nikamuuliza swali lenu hilihili. Alifikiri sana. Mtu aliyefungwa kwenye chumba cha unga ana nafasi ya kufikiri kuhusu filamu.

Alisema kwamba wanaotengeneza sehemu ya pili wanadhani watu waliogopa meno, kwa hiyo wanaongeza meno. Lakini watu hawakuogopa meno. Waliogopa mlango. Mlango wameshauzoea, ngumi tatu wameshazihesabu, na unachokihesabu hakikutishi. Halafu akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Ukitaka ya pili ishinde, usimupe yule mwanamuke kitu kibaya zaidi. Umupe kitu chenye wanapenda."

Sikuelewa. Nilielewa siku ya kurudia, katikati ya filamu, na laiti nisingeelewa kabisa.

Kuna mahali Bibi Harusi anafika nyumbani kwa mama yake mzazi. Mama yuko ndani peke yake, anashona. Kwenye kioo unaona mlango tu. Hapo ndipo siku ya kwanza nilipoivunja meza. Safari hii nilinyamaza, pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miguuni pangu palikuwa na kipande cha bati nilichokitumia kufanya radi. Sijui kama nilifikiri. Nilikipakata mapajani, nikakipiga mara mbili kwa kucha. Nikasubiri pumzi moja. Nikapiga kwa kiganja, chini. Kisha kwa sauti ya mama, ya chini na yenye furaha, nikasema, "Ni we?"

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo nililolikumbuka baadaye. Ukumbi mzima ulinyamaza kama maji yaliyofunikwa. Kila mtu mle ndani alikuwa na mlango wake na mpigo wake wa siri, kila mtu alikuwa na mtu anayemfungulia bila kuuliza mara mbili, na sasa kila mtu aliwaza nani mwingine anaweza kuupiga. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kitenge. Niliona fahari inanipanda kifuani, kweli, naungama. Nilidhani nimemshinda mwalimu wangu.

Halafu nikatazama benchi la mbele. Kijana mmoja mwenye taulo shingoni, mmoja wa wale wa karatasi, hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa anatazama bati langu.

Fahari ikageuka barafu. Filamu ilikuwa imebakiza zaidi ya nusu saa. Nikikimbia, kila mtu atajua kuna jambo. Nikaendelea kutafsiri, jasho linaingia machoni, nikitafuta jinsi ya kuuharibu mpigo ule vichwani mwao. Bibi Harusi alipofika mlango mwingine, nikagonga vingine: tatu kwa kiganja, moja kwa kucha. Benchi zima likanisahihisha.

"Apana, si vile. Mbili, unasubiri, halafu moja."

Wakaugonga wenyewe, kwenye mabenchi, kwa kucha na viganja, watu wazima, kama wanafunzi wanaoshika somo. Yule wa taulo aliugonga pia, taratibu, kwenye goti lake.

Filamu ilipokwisha nilipita uani, nikatoka mbio. Jua lilikuwa bado lipo. Nilifika kwenye mlango wa bati nikasimama, mkono juu, sijui niugonge vipi. Mpigo mwingine sikuwa nao. Nikapiga mara mbili kwa kucha, nikasubiri, nikapiga kwa kiganja. "Ni we?" akauliza mama mdogo, na sauti ilikuwa ileile niliyoiigiza.

Nilimweleza nikiwa nimeegemea ukuta. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliosha mikono yake ya unga, akaikausha.

"Kuanzia leo kuna mupigo mwingine," akasema. "We sitakuambia. Ukija, kohoa, useme jina lako."

Kutoka nyuma ya magunia Deo alikuwa amesikia kila neno. Aliniita. Nilikwenda nikijua nitalia. Yeye aliuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari.

"Walipiga kelele?"

"Apana, mwalimu. Walinyamaza."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi ya pili imeshinda ya kwanza," akasema, akaanza kujisogezea magunia matupu.

Kilichofuata hatukukitegemea. Hawakuja vijana wa karatasi, walikuja watoto. Walikuwa wamesikia habari ya filamu kwa wakubwa, na asubuhi yake mtaa wote ulikuwa mchezo mmoja. Mbili kwa kucha, moja kwa kiganja, kwenye kila mlango wa bati, halafu "Ni we?" na vicheko na miguu inakimbia. Siku hiyo nilishinda pale uani nikipasua kuni zisizohitajika. Saa tatu mlango ukagongwa. Deo chini ya magunia, mama mdogo hajasogea, vicheko vikapita. Saa nne, tena. Saa tano, mara mbili. Kila mara Deo alikuwa anaingia chini ya magunia na kutoka akiwa mweupe zaidi, na kila mara sisi tulikuwa tunasubiri vicheko kama mtu anayesubiri mvua.

Saa nane, wakati wa joto, watu wakiwa wamejinyoosha, mlango ukagongwa. Mbili. Pumzi moja. Kiganja, chini, karibu na bawaba.

Vicheko havikuja.

Chini ya mlango palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Mama mdogo alipiga magoti kama anayeokota kuni, akachungulia. Aliniambia baadaye: viatu vya ngozi, vya mtu mzima, vina vumbi jeupe la simenti. Vilisimama. Aliyevivaa hakuita wala kukohoa. Mimi nilikuwa nimeshika shoka na siwezi kuwaambia nilikuwa nataka kulifanyia nini. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nahesabu pumzi, na kwamba nilipita ya nne, nikapita ya kumi. Halafu viatu vikaondoka, bila haraka.

Mpaka leo hatujui alikuwa nani. Pengine ni mtu aliyetaka mandazi, akagonga kama watoto kwa utani. Pengine. Ndiyo maana nawaambia hofu kubwa ni ile ambayo hujui hata kama ulikuwa na haki ya kuwa nayo.

Hatukusubiri tena. Asubuhi iliyofuata Hamadi alikuja na mkokoteni, akakohoa na kusema jina lake, maana mpigo mpya na yeye hakupewa. Wapagazi wa ghala la unga hurudi na magunia matupu wakiwa weupe kutoka nywele mpaka ukucha, na mpagazi aliyejaa unga hana uso. Mama mdogo alimpaka Deo unga kwa mikono yake, masikioni, kwenye kope, nyuma ya shingo, kwa uangalifu kama anayemvika mtoto kwa sala ya Idi. Akamtwika magunia kichwani, ncha moja ikaning'inia begani kama shela. Deo alijitazama ndani ya beseni la maji.

"Angalia, Issa," akasema. "Sehemu ya tatu ni mimi."

Hakuna aliyecheka, na yeye pia hakucheka. Alitoka kwa mlango ule wa bati mchana kweupe, akisukuma mkokoteni pamoja na Hamadi. Walipita mbele ya ukumbi wa Ramazani. Walipita mbele ya yule kijana wa taulo, aliyekuwa anasuluhisha ugomvi wa watoto. Hamadi alituambia kwamba kijana alimtazama Deo usoni, akasogea kando ili asichafuliwe shati.

Kutoka Zone Industrielle lori lilimfikisha Kajaga, kando ya ziwa, kwa wavuvi, na kutoka hapo hatukusikia kitu. Nilirudi kwa Ramazani mara moja tu. Alikuwa ameandika chaki mpya: sehemu ya pili, kwa ombi la wengi. Nilikaa kwenye kiti, nikashika kipaza sauti, tukafika kwenye mlango wa mama anayeshona, na sauti haikutoka. Watu wakagonga wenyewe. Nikaweka kengele ya baiskeli mfukoni nikatoka. Ndiyo siku niliyostaafu.

Miezi mingi baadaye mwanamke muuza samaki kutoka Kajaga alikuja kwa mama mdogo, akanunua mandazi, akatoa ujumbe aliokuwa ameupokea kwa mdomo kutoka ng'ambo ya ziwa. Mwalimu amefika. Anafundisha. Na mwambieni Issa kwamba anapolala hakuna mlango, kuna pazia tu, na analala vizuri.

Kwa hiyo ndiyo, sehemu ya pili inaweza kuishinda ya kwanza. Yetu iliishinda. Lakini siku mtakapoona watu wamenyamaza kama maji yaliyofunikwa, simameni mjiulize mmewapa nini kilichokuwa chao.

Mwaka jana nilipita Bujumbura tena, nikaenda kumwona mama mdogo. Amezeeka, macho yamefifia, mlango ni uleule na mchana huwa wazi. Hata hivyo nilisimama nje, nikakohoa, nikasema jina langu. Akaniuliza kama nimekuwa mgeni. Tulikunywa chai, nikapata ujasiri wa kumuuliza, baada ya miaka yote hiyo, ule mpigo mpya ulikuwa upi.

Akaweka kikombe chini.

"Hakukuwa na mupigo," akasema. "Nilikuwa sifungulii mutu mwenye anagonga."

"Sasa kwa nini uliniambia kuna mwingine?"

"Ungejua hakuna," akasema mama mdogo, "na hiyo pia ungeiweka mu filamu."